Kibao Kidogo cha Kuchorea Chatosha

Barua zinazonifikia kutoka kwa vijana wapendao kuchora hutofautiana kwa mwandiko na kwa salamu, lakini zikishafunguliwa huonekana kuwa zimebeba swali moja: je, kibao kidogo cha kuchorea, kile ambacho sehemu yake ya kazi hailingani hata na nusu ya ukurasa wa daftari la shule, chaweza kumtumikia mtu aliyeazimia kuchora kwa dhati, au ni kitu cha watoto ambacho mwenye busara hapaswi kukitolea fedha yake ya korosho? Muulizaji mmoja huandika kutoka hapa Mbesa, mwingine kutoka Tunduru mjini, mwingine kutoka Songea, na wote wana hali moja: wameona katika simu picha zilizochorwa kwa kompyuta, wakatamani, wakauliza bei ya vibao vyenye kioo, wakapiga hesabu, kisha wakakunja mikono.

Jibu langu ni kwamba chatosha. Nasema hivyo kwa kutenda wala si kwa kusikia, maana nimechora kwa kibao cha namna hiyo hapa hapa Mbesa, katika chumba kinachoingia vumbi la kiangazi na chenye umeme usiotabirika. Lakini ni wajibu wangu kusema kweli yote, nayo ni kuwa kibao hiki hakimpokei mgeni kwa upole. Wengi wanaokiacha hawashindwi na udogo wake. Hushindwa na mambo mawili ambayo muuzaji hayataji, yaani mpangilio mbaya wa siku ya kwanza, na zile siku kumi au kumi na tano za mwanzo ambazo jicho na mkono havijapatana. Hayo mawili ndiyo nitakayokaa nayo sana.

## Kitu chenyewe

Kibao ninachokizungumzia ni kipande chembamba cha plastiki chenye waya wa USB na kalamu yake. Hakina kioo, hakina kumbukumbu, na bila kompyuta au simu hakifanyi lolote. Unapitisha kalamu juu ya plastiki tupu, na mstari hutokea kwenye kioo cha kompyuta kilicho mbele yako. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu wapo walionunua kwa kudhani wamepata kompyuta ndogo, wakarudi dukani na ghadhabu isiyo na dawa.

Majina utakayokutana nayo mara nyingi ni Wacom ya Japani, na Huion na XP-Pen za China. Ili upate kipimo, One by Wacom ndogo yenye namba CTL-472 ina sehemu ya kazi ya milimita 152 kwa 95. XP-Pen Star G640 ina inchi 6 kwa 4. Na Huion H420, ambayo ni ndogo kupita zote hizo, ina inchi 4 kwa 2.23. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chagua cha inchi 6. Cha inchi 4 humfaa mtu anayeandika mahesabu kwenye kompyuta au kutia saini. Mchoraji aweza kukitumia, ila atakuwa anafanya kazi na mkono uliofungwa.

## Kabla hujatoa fedha

Vitu hivi kwa kawaida huagizwa Dar es Salaam vikaja kwa basi, ama kwa njia ya Masasi ama kwa njia ya Songea, na kilichokuja kwa basi ni taabu kukirudisha. Kwa hiyo maswali yote na yaulizwe kwa simu kabla fedha haijatumwa:

- Kalamu inatumia betri? Bora isiyotumia. Kalamu ya H420 hutumia betri moja ya AAA, nayo betri hufifia polepole, hata mchoraji akadhani mkono wake ndio uliopungua nguvu.
- Ncha za akiba zimo katika boksi, na ni ngapi? Ncha ya kalamu hii huliwa kama ncha ya penseli, na isipobadilishwa hukwaruza kibao.
- Sehemu ya kazi ni milimita ngapi? Usikubali kuambiwa ukubwa wa boksi wala wa plastiki nzima.
- Draiva yake, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kukitambua kibao, inakubali Windows uliyo nayo? Taja namba ya toleo lako, usiseme "Windows ya kawaida".
- Kama una simu tu, je, kibao kinakubali Android?
- Muuzaji yu tayari kukichomeka na kukurekodia video fupi kabla ya kukifunga? Muuzaji mwema hakatai.

Lipo neno moja ambalo muuzaji atalitamka kwa sauti ya fahari, nalo ni ngazi za mkandamizo: kibao hiki kina 2048, kile kina 4096, na kingine 8192. Ngazi hizo huonyesha jinsi kalamu inavyotambua uzito wa mkono, ili mstari unenepe ukikandamiza na ukonde ukilegeza. Yakini, mkono wa binadamu hauwezi kubagua 2048 na 8192. Usiongeze fedha kwa ajili ya tarakimu hiyo. Iongeze kwa ajili ya upana wa sehemu ya kazi, na kwa kalamu isiyo na betri.

Ukinunua kilichokwisha kutumika, fanya jaribio moja tu: chora mstari wa mshazari, polepole sana, kutoka pembe hadi pembe, kisha mwingine wa kuukata. Mistari ikikatika mahali pale pale kila ukirudia, kiache.

Na nasihi ndugu zangu kwa moyo mmoja: msinunue kibao kwa mkopo kwa tumaini kwamba kitajilipa mwezi ujao. Kazi zipo, za kadi za harusi, mabango ya maduka, fulana na picha za kufundishia shuleni, lakini hazimjii mtu ambaye mkono wake bado unajifunza kwenda sawa.

## "Lakini chombo duni huzaa kazi duni"

Pingamizi hili nimelisikia mara nyingi, na kwa watu wa pande hizi napenda kulijibu kwa mtu wao. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa katika wilaya ya Tunduru mwaka 1932. Alipoanza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968 hakuwa na turubai wala rangi za gharama. Alichukua vipande vya hadibodi, vile ambavyo mafundi huvitumia katika ujenzi, na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, kwa hiyo kazi yake yote ilikaa ndani ya miaka minne, ilhali jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji ambao wanafunzi wake waliuendeleza, na ambao leo wageni huununua na kuuning'iniza katika nyumba za ng'ambo.

Tazameni jambo moja la kazi hiyo, ambalo mimi nalithamini kupita sifa zote. Rangi ile ya baiskeli hung'aa na hutambaa, lakini rangi mbili mbichi zikigusana huchafuana. Mchoraji anatandaza usuli, anangoja ukauke. Anaweka umbo la mnyama, anangoja. Ndipo anapotia mistari na madoa. Kwa maoni yangu ule usafi wa maumbo tunaousifu katika picha za Tingatinga umetoka kwa sehemu kubwa katika tabia ya rangi hiyo rahisi, na mchoraji aliyeitii tabia ya chombo chake alipata mtindo. Utaratibu huo huo wa tabaka juu ya tabaka ndio kompyuta inaoupenda, na ndio nitakaoufuata nitakapofika kwenye picha ya kwanza.

## Siku ya kwanza: kufunga kibao

Fuateni mpango huu bila kuruka hatua, maana nusu ya malalamiko ninayoletewa yamezaliwa hapa.

1. Kama kompyuta ilikwisha kuwa na draiva ya kibao kingine, iondoe kabisa. Draiva mbili za vibao hugombana, na matokeo yake ni kalamu isiyotii.
2. Pata draiva kutoka tovuti ya kampuni iliyokitengeneza kibao, si penginepo. Mtandao ukiwa hafifu, mwombe mtu aliye mjini aipakue na akuletee kwa flashi, ukimpa namba kamili iliyoandikwa mgongoni mwa kibao.
3. Sakinisha draiva ilhali kibao hakijachomekwa. Zima kompyuta. Iwashe. Ndipo uchomeke. Kule kuzima na kuwasha watu hukuona ni upuuzi, kisha hukesha wakitafuta kosa.
4. Sakinisha programu ya kuchorea. Mimi natumia Krita, nayo ni ya bure kwa halali, haidai malipo ya mwezi, na ikishasakinishwa hufanya kazi bila intaneti.
5. Chora mstari kwa kuanza kwa upole na kumaliza kwa nguvu. Mstari ukinenepa, umefaulu. Usiponenepa, fungua mpangilio wa Krita, nenda sehemu ya kibao, ubadilishe kutoka Windows Ink kwenda WinTab au kinyume chake, kisha uifunge programu na kuifungua upya.

Hatua ya sita inastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndiyo inayoharibu michoro ya watu wengi wasijue kwa nini.

Kioo cha kompyuta mpakato nyingi ni kirefu kwa upana: uwiano wake ni 16 kwa 9. Sehemu ya kazi ya kibao kama CTL-472 ni 16 kwa 10. Ukikiacha kibao kijinyooshe kijaze kioo chote, kila ukichora duara litabonyea na kuwa pana kuliko urefu wake, na kila uso utakaochora utanenepa mashavu. Mchoraji hujilaumu, hufuta, hurudia, na mkono wake huanza kujifunza upotofu ili kuufidia upotofu. Dawa yake iko katika mpangilio wa draiva, mahali pa eneo la kazi: amuru uwiano ulingane na wa kioo. Utapoteza ukanda mwembamba wa kibao, yapata milimita 9 na nusu za urefu kwa kibao nilichokitaja, na ukanda huo usiusikitikie.

Ili kujua kama umepatia, weka kifuniko cha chupa ya maji juu ya kibao, kikamate kwa kidole, na ukizungushie kalamu. Kilichotokea kwenye kioo kikiwa duara kamili, endelea. Kikiwa yai, rudi kwenye draiva. Kifuniko kiwe cha plastiki. Usitumie sarafu, kwa kuwa chuma karibu na kalamu huweza kuitatanisha.

Na ikiwa mstari unatetemeka hata pale mkono ulipotulia, usimwite fundi bado. Chomoa chaja ya kompyuta, uchore kwa betri. Mtetemeko ukikoma, kosa ni la chaja au la soketi isiyo na waya wa ardhi, na kibao chako ni kizima.

## Siku kumi na tano za dhiki

Tangu utotoni tumechora kwa kuutazama mkono: penseli iko pale, mstari uko pale, jicho liko pale. Kibao kisicho na kioo kinavunja ndoa hiyo. Mkono uko mezani, mstari uko mbele, na akili, ambayo haijawahi kuombwa kitu kama hicho, hugoma. Mtu aliyekuwa akichora tembo mzuri kwa makaa ukutani hujikuta hawezi kuunganisha nukta mbili. Hii ndiyo saa ambayo vibao huuzwa kwa nusu ya bei. Mimi mwenyewe siku ya tano nilikirudisha changu ndani ya boksi, nikakifungia sandukuni, na lau si mvua ya siku tatu iliyoninyima kwenda shamba, huenda nisingalikitoa tena.

Kabla ya mazoezi, wekeni mwili sawa:

- Kibao kikae katikati, mbele ya kioo, kingo zake zikienda sambamba na kingo za kioo. Kikilala mshazari, mistari yako yote italala mshazari.
- Tazama kioo daima. Kila ukiinamisha macho kutazama mkono, unairudisha akili nyuma.
- Kiwiko kikae mezani kwa utulivu, kalamu ishikwe juu kidogo ya pale unaposhika penseli.
- Kwa juma zima weka kipanya kando. Fungua mafaili, soma, funga madirisha, yote kwa kalamu. Shauri hili wasomaji hulidharau, nami naliona kuwa bora kuliko mazoezi yote yanayofuata, kwa kuwa mkono hujifunza bila kuogopa kuharibu picha.

Ndipo mazoezi, dakika ishirini asubuhi na ishirini jioni. Saa mbili mfululizo hazifai. Mkono hukakamaa na hasira hupanda.

*Siku tatu za kwanza:* tupa nukta ishirini kwenye ukurasa, kisha uunganishe mbili mbili kwa mstari mmoja usiorudiwa. Kabla ya kugusa, pitisha kalamu hewani juu ya kibao, uone kishale kikisafiri. Mkono ukikubali, gusa.

*Siku ya nne hadi ya saba:* maduara, tarakimu nane zilizolala, na mistari ya sambamba inayokaribiana. Andika jina lako mara nyingi, kubwa na dogo. Jina ni zoezi zuri kwa sababu mkono unalijua tayari, na kila kosa huonekana mara moja.

*Siku ya nane hadi ya kumi na moja:* chukua mchoro wako wa penseli, uupige picha kwa simu mchana, kivulini, simu ikiwa juu yake sawasawa, kisha uuingize katika Krita, uufifishe, uweke tabaka jipya juu yake, na uufuatishe. Mchoro uwe wako. Kufuatisha kazi ya mwingine na kuitia jina lako ni wizi, hata kama hakuna anayekuona.

*Siku zilizobaki:* vitu vya nyumbani bila kufuatisha. Kinu na mchi, mtungi, ungo, baiskeli kama una subira.

Msomaji mmoja aliniuliza kama hakuna njia ya mkato. Siijui.

## Kuushinda udogo

Sasa tuje kwenye udogo wenyewe. Kioo cha inchi 15.6 kina upana wa karibu milimita 345; kibao cha milimita 152 kikiushika upana huo wote, kila sentimita moja ya mkono huwa sentimita 2.3 kwenye kioo, na kwa H420 huwa kama 3.4. Mkono ukiteleza kidogo, kioo huteleza zaidi. Hilo ni kweli, na dawa zake ni hizi:

- Kuza picha unapochora kitu kidogo, na uipunguze unapochora mstari mrefu. Mkono wa pili usitoke kwenye kibodi.
- Zungusha karatasi badala ya kupinda kifundo cha mkono. Katika Krita, 4 na 6 huizungusha, na 5 huinyoosha.
- Washa kituliza mstari katika mpangilio wa zana ya brashi. Anza na kiasi kidogo. Kikizidi, mstari huwa laini lakini hauna uhai.
- Bonyeza M mara kwa mara ili picha igeuke kama kwenye kioo cha kujitazamia. Kombo lililofichika hujitokeza papo hapo.
- Mstari mrefu ulionyooka, kama ukingo wa nyumba, tumia V. Si aibu, hata seremala ana rula.

Onyo: aliyezoea kukuza huweza kupotelea humo. Nimemwona kijana akitumia jioni nzima kuchora kope za mbuni kwa kadi ambayo, ilipochapwa, mbuni mzima alikuwa mdogo kama kidole gumba. Kila baada ya dakika chache irudishe picha kwenye ukubwa ambao watu watauona.

## Picha ya kwanza, tabaka kwa tabaka

Tumchore tembo, ambaye watu wa Tunduru hawahitaji kuelezwa umbo lake, na tufuate utaratibu wa hadibodi na rangi ya baiskeli niliousema. Fungua karatasi ya ukubwa wa A5 kwa pikseli 300 kwa inchi, yaani 1748 kwa 2480. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 itaibeba bila kulalamika, mradi matabaka yako yasizidi matano au sita.

1. Usuli. Jaza tabaka la chini kwa rangi moja, kisha kwa brashi pana na laini ulikoleze upande mmoja ili rangi ififie kuelekea mwingine. Lipe tabaka jina. Tabaka lisilo na jina ni kama gunia lisilo na alama ghalani.
2. Umbo. Tabaka jipya. Mchore tembo mzima kwa rangi moja isiyo na mistari ya ndani: mgongo, masikio, mkonga, miguu. Mpunguze hadi awe mdogo kama stempu. Akitambulika, endelea, asipotambulika, mistari haitamwokoa.
3. Kivuli. Funga uwazi wa tabaka hilo, kwa alama ya vimraba iliyo kwenye orodha ya matabaka, na sasa brashi haiwezi kutoka nje ya tembo. Tia kivuli chini ya tumbo na nyuma ya sikio kwa mkono mwepesi. Hapa ndipo mkandamizo wa kalamu unapolipa gharama yake.
4. Mistari. Tabaka jipya. Brashi ya wino. Kila mstari kwa pigo moja. Ukikosea, tengua kwa Ctrl+Z na upige tena, usiukarabati kwa vipande vipande.
5. Madoa. Tabaka la mwisho: nukta, maua, mikunjo ya ngozi, majani. Katika kibao kidogo nukta ndizo rahisi kuliko yote, na kwa hiyo ndizo zinazomponza mtu akazidisha.

Hutangoja rangi ikauke, na hiyo ni neema. Lakini neema hii ina gharama, kwa kuwa muda ule wa kungoja ndio uliokuwa ukimpa mchoraji nafasi ya kutazama. Ukimaliza tabaka, ondoka kwenye kiti. Nenda kateke maji, kisha urudi.

Hifadhi kazi kama faili la .kra, linalotunza matabaka, na utoe nakala ya PNG kwa kutuma. JPEG hupunguza ubora kila inapohifadhiwa upya, basi iwe ya mwisho. Kazi ya kuchapwa katika A4 itahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Usichore ndogo kisha ukaivuta, maana itatoka na ukungu. Na kwa kuwa kijani na buluu kali za kioo hufifia karatasini, mwombe mchapaji nakala moja ya majaribio kabla ya mia.

## Umeme, vumbi na waya

Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu nimepoteza kazi ya siku mbili kwa umeme uliokatika kabla sijaihifadhi, na hakuna wa kumlaumu.

- Ctrl+S kila ukimaliza jambo. Katika Krita, Ctrl+Alt+S huhifadhi nakala mpya yenye namba inayofuata, na ile ya zamani hubaki.
- Nakala moja katika flashi, na flashi isikae ndani ya mfuko mmoja na kompyuta.
- Kiangazi chetu kina vumbi la mchanga, na chembe moja chini ya kalamu huchora alama isiyofutika. Futa kibao kwa kanga kuukuu, kavu na safi, kila mara kabla ya kuanza.
- Waya hufa pale unapoingia kwenye kibao. Usiupinde hapo, usiuzungushie kibao unapokihifadhi, na usikibebe kibao kwa kuushika.
- Ncha ikiwa na ukingo mkali upande mmoja, ibadilishe siku hiyo hiyo.
- Kalamu isisimamishwe kwa ncha wala kutupwa mkobani pamoja na funguo.
- Mkono wa jasho hukwama. Kipande cha karatasi laini chini ya kiganja chatosha.

## Mwenye simu tu

Huhitaji kukata tamaa, lakini uwe mwangalifu. Baadhi ya vibao hukubali simu za Android kwa kiunganishi kidogo kiitwacho OTG, na programu kama ibisPaint hufanya kazi vizuri. Mashaka ni mawili. La kwanza, simu ikisimama wima, vibao vingi hutumia kipande chembamba tu cha sehemu ya kazi, basi ilaze simu. La pili, kibao hula chaji ya simu, na mahali ambapo chaji hutoka kwa sola hilo si dogo.

Ama kuhusu zile programu za kulipiwa zinazogawanywa kwa flashi "zikiwa zimevunjwa", nawasihi mziache. Fauka ya kuwa ni mali ya wengine, nyingi huja na virusi, na katika kompyuta moja ya nyumba ambayo mama anaweka humo hesabu za korosho, hasara yake si ya mchoraji peke yake.

## Mkiniandikia tena

Nitawajibu kwa furaha, ila nahitaji mambo manne: namba ya kibao iliyo mgongoni mwake, toleo la Windows au Android mlilo nalo, jina la programu mnayochorea, na matokeo ya jaribio la kifuniko cha chupa. Na pamoja na barua leteni tembo wenu, hata kama mkonga wake umepinda. Mchoro huo nitausoma kabla ya maneno.